Jiwe Moja la Kulwa na Doto

1

Barua ya Nyumba ya Baridi ilinikuta nimelala chini ya mashine ya kuchambua pamba, uso umejaa grisi na mdomo umejaa maneno yasiyofaa kuandikwa. Ilisema kwamba jiwe namba 412, mali ya Kulwa na Doto Lubinza, limeanza kupoteza mwelekeo. Lisipofunguliwa kabla ya mwezi kwisha litakuwa jiwe kama mawe mengine. Kwa sasa limebakiwa na dakika kumi na moja za maongezi. Kilichotakiwa ni saini ya mmiliki aliye hai.

Mmiliki aliye hai ni mimi, Doto, niliyetoka tumboni wa pili. Kulwa alinitangulia kuja na akanitangulia kuondoka, na katikati ya hapo alinitangulia mambo mengine mengi, likiwemo moja ambalo nitalisema sasa hivi, maana nimelinyamazia vya kutosha.

Miaka ile hakuna aliyeshuka shimo la mgodi la kilomita nne bila kuacha jiwe. Unalazwa ndani ya pipa la sumaku nusu siku, na ramani yote ya akili yako inaandikwa kwenye viini vya atomi za fosforasi zilizopandwa katika fuwele ya silikoni. Kila kiini kina spini yake. Ichukulie kama sindano ndogo ya dira inayojua mambo mawili tu, juu na chini. Kiini kimejificha ndani kabisa ya atomi, kelele za dunia hazikifikii upesi, kwa hiyo ukikitia kwenye baridi kali kinakumbuka kwa miaka. Ukifa, watu wako wanaweza kulifungua jiwe wakazungumza nawe, wakakuuliza ukajibu kama ambavyo ungejibu ungali hai. Mara moja tu. Kuisoma spini ni kuigusa, na ikishaguswa inasahau ilichokuwa imeshika.

Siku ya kuandikwa kwetu mama alitusindikiza na kikapu cha karanga za kuchemsha, kana kwamba tunakwenda shule ya bweni. Tulikuwa na miaka thelathini na moja, Kulwa tayari mume wa mtu. Mafundi walipoleta mawe mawili, moja la kila mmoja, mama akakataa katakata. Hajawahi kumpa mmoja akamnyima mwenzake, wala kuwapa siku tofauti, wala kuwapa vyombo tofauti. Surua tuliugua kitanda kimoja. Uji tulikunywa bakuli moja. Aliwaambia mafundi kwamba hawa wamekaa tumbo moja miezi tisa na hawakugombana, sasa jiwe gani hilo la kuwashinda. Kwetu huwezi kubishana na mama wa pacha, hata ukiwa na shahada tatu. Nyumba ya Baridi, yanakotunzwa mawe, ilikuwa mpya, ilitaka kusifiwa na watu, basi wakaunganisha mapipa mawili na kutuandika katika jiwe moja. Mama akagawa karanga, wote wakala.

Miezi minne baadaye paa la shimo lilimshukia Kulwa. Mimi nilikuwa nyumbani na homa.

Kwa miaka ishirini na saba nilikataa kutia saini. Mjane wa ndugu yangu, Minza, alikuja kila mwaka kuniomba, kwa heshima, amekaa ukingoni mwa kiti. Nami kila mwaka nilimwambia ni mambo ya sheria. Ulikuwa uongo. Ndani ya jiwe lile nilikuwemo na mimi, Doto wa miaka thelathini na moja, na yule bwana alijua jambo ambalo sijamwambia binadamu.

Nilimpenda Minza kabla Kulwa hajamwona. Nilimkuta Magu, kwenye kituo cha kununulia pamba, akibishana na karani wa mizani. Ndara yake moja ilikuwa imefungwa waya badala ya kamba, na karani ndiye aliyeshindwa. Nilirudi nyumbani nikakaa kimya kama mtu aliyemeza kitu kizima. Nilikuwa napanga maneno. Mwaka uliofuata Kulwa alikutana naye harusini Malya, yeye hakuwa na haja ya kupanga maneno, akamleta nyumbani. Nikampa mkono nikasema karibu shemeji.

Kulwa alipofariki, wazee walitaka nimrithi mjane, kama ilivyokuwa zamani. Wakaona jambo limejipa lenyewe, sura ile ile, sauti ile ile, hata nguo hazihitaji kupunguzwa. Nikakataa, wakasema nina dharau. Sikuwa na dharau. Nilitaka mno. Lakini nilishaona kwamba nikizungumza mbele ya Minza yeye hufumba macho, na nilijua ni nani anamsikiliza. Nisingeishi na mtu ambaye kila siku ningejiuliza ananiitikia mimi au anamwitikia yeye. Tangu hapo nikawa namwandikia ujumbe kwenye simu hata kama tuko ua mmoja. Nimemkosa miaka ishirini na saba huku namwona kila Jumapili.

Lakini barua ilisema mwisho wa mwezi. Nikaifuta mikono kwenye suruali, nikatia saini.

2

Tulikwenda Ngudu watu watatu. Holo, binti wa Kulwa, ndiye aliyeendesha gari. Ana miaka ishirini na sita, na alizaliwa miezi saba baada ya baba yake kuzikwa. Kulwa hakuwahi kujua kwamba yupo. Minza alikuwa amehisi mimba wiki ile ile ya ajali, akaona amwekee habari hiyo mumewe mpaka likizo, amwambie uso kwa uso, amwone atakavyoruka. Hiyo ndiyo habari aliyokuwa akiniomba miaka yote hiyo nimruhusu kuifikisha. Alikuwa ameiandika kwenye karatasi asije akaishiwa muda.

Nyumba ya Baridi imechimbwa chini ya majabali, na mhandisi wake, Nyanjige, ni mwanamke wa makamo mwenye sweta mbili na tabia ya kutokupamba maneno. Alitueleza kwamba sheria inaruhusu wawili tu chumbani, mjane na shahidi. Holo akabaki nje kwenye benchi. Kisha mhandisi akanitazama mimi na kuniuliza kama najua tatizo la jiwe langu.

Nikamwambia nalijua, ni la mama.

Hakucheka. Alisema kwamba mapipa yalipounganishwa, maandishi yetu yalijipanga jozi kwa jozi. Chembe za namna hii, zenye spini ya nusu, haziwezi kukaa mbili katika kiota kimoja zikiwa zimeelekea upande mmoja. Moja ikielekea juu, mwenzake lazima aelekee chini. Kwa hiyo katika kila jozi mmoja wetu yuko juu na mwingine yuko chini, na upande mmoja wote ni mtu mmoja kamili, hakuna kuchanganyika. Kisichojulikana ni upande upi ni nani.

Nilimwambia aangalie lebo. Akasema ndiyo maana ameuliza kama najua. Ukichukua punje mbili za mtama, hata zikifanana vipi, moja utaikuta na kovu, utaitia alama, kesho utaitambua. Chembe mbili za namna hii hazina kovu. Ukizibadilisha nafasi hakuna kilichobadilika, wala hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba zimebadilishana. Lebo haina pa kubandikwa. "Si kwamba mashine yangu ni mbovu," akasema. "Najua wako wawili. Yupi ni yupi, hata dunia yenyewe haijui."

Nikamjibu kwamba mimi nimeyasikia hayo tangu utotoni kutoka kwa walimu, majirani na wauza duka, wala hawakuhitaji majabali.

Basi utaratibu ukawa hivi. Atafungua upande mmoja, bila kujua ni wa nani. Sauti itazungumza. Mimi ni shahidi, nami ndiye mwenye neno. Nikisema ni yeye, wataendelea mpaka dakika ya kumi na moja. Nikisema siye, Nyanjige atapiga wimbi la redio litakalozipindua spini zote kwa pamoja, waliokuwa juu wawe chini, na wa pili atazungumza. Kupindua kunakula dakika tatu. Kunawezekana mara moja, na kabla ya dakika ya tano kwisha. Baada ya hapo jiwe halitakuwa na nguvu. Upande uliokwisha kusomwa haurudi.

"Utamtambua?" akaniuliza.

Minza alinigeukia. Siku ile alikuwa amevaa kitenge cha zambarau nilichokuwa sijakiona. Nikasema nitamtambua.

3

Chumba kilikuwa kidogo, viti viwili na spika ukutani. Nyanjige alikaa nyuma ya kioo, kidole kwenye swichi. Taa ikawaka, na kwa muda hatukusikia kitu isipokuwa pampu za heliamu, gesi inayolipoza jiwe.

"Haloo," sauti ikasema. "Mbona giza?"

Ilikuwa sauti yetu, ya zamani, kabla ya vumbi la pamba kunikwaruza koo.

"Kulwa," Minza akasema. "Ni mimi. Minza."

Sauti ilinyamaza kidogo, kiasi cha pumzi moja.

"Minza," ikasema. "Nipo."

Mkato ule mdogo ndio ulionishtua. Shuleni Kulwa alikuwa akitoroka kwenda kuiba mapera, na mwalimu akiita jina lake mimi ndiye niliyeitikia. Kila mara nilikawia hivyo hivyo, kiasi cha pumzi moja, halafu nikasema nipo. Lakini mkato si ushahidi. Nikajiambia huenda ni baridi.

Minza alikuwa na karatasi yake mkononi, akaikunja akaiweka mapajani. Akauliza kama anaumwa popote, akajicheka mwenyewe kwa kuuliza hivyo. Akasema amezeeka, asimshangae. Sauti ikamjibu kwamba haimwoni, lakini kwa sauti hajazeeka hata kidogo. Halafu Minza aliinamisha kichwa akauliza kitu ambacho nina hakika hakikuwa kwenye karatasi.

"Hivi wewe ulinipendea nini? Hukuwahi kuniambia. Ulikuja tu, ukacheka, ukanioa."

"Ulikuwa Magu," sauti ikasema polepole. "Unabishana na karani wa mizani. Ndara yako moja ina waya. Niliona yule karani anavyoshusha macho, nikasema huyu mwanamke, nikipata siku moja tu ya kukaa naye meza moja, sitaomba kingine."

Minza aliweka mkono mdomoni. Alikuwa analia na kucheka. "Magu? Mimi nilijua uliniona Malya, harusini. Kumbe ulikuwa umeniona kabla! Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Wewe? Aibu?"

"Mbele yako ndiyo."

Hapo sikuwa na shaka tena. Nikajisikia joto la kichwa katikati ya baridi ile. Kulwa hakuwahi kukanyaga kituo kile cha pamba. Yule bwana ndani ya jiwe, aliyeamshwa gizani na kuitwa jina lisilo lake na mwanamke anayempenda, alikuwa ameamua kuitikia. Sikumlaumu. Ningefanya hivyo hivyo, na kwa kweli ndicho nilichokifanya.

Nyanjige aliinua vidole vitatu nyuma ya kioo. Dakika ya tatu. Akanitazama.

Nataka niseme ukweli wa dakika iliyofuata, kwa sababu sijivunii. Sikutaka ikome. Minza alikuwa ameegemea mbele kuelekea spika, shingo imenyooka, ana miaka ishirini na minane tena, na maneno yaliyomfanya awe hivyo yalikuwa yangu. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba nikimwambia atasikitika. Hakusikitika. Aling'aa. Nikajisemea, nani anaumia hapa? Aliyekufa amekufa. Huyu mama amelala peke yake miaka ishirini na saba, mwache apate usiku wake mmoja wa kukumbuka kwamba alipendwa tangu Magu. Mtu atakayekosa ni Kulwa tu, na Kulwa hana pa kushtaki. Nilifika mpaka kutikisa kichwa kidogo. Nyanjige akakunja uso, hakujua nimekubali au nimekataa. Akainua vidole vinne.

"Kulwa," Minza akasema, na sauti yake ikabadilika. Akaifungua ile karatasi. "Nina jambo. Nilikuficha nikisubiri likizo yako. Nisamehe. Nilitaka nikuambie mwenyewe—"

"Siye," nikasema.

Minza akageuka. Nadhani hakunielewa, au alidhani nimezungumza na mhandisi.

"Siye, shemeji. Usimwambie huyo. Huyo ni mimi."

Sijawahi kumwona mtu akizimika uso namna ile, na Mungu anajua nilistahili kuuona. Alinitazama mimi, akaitazama spika, akanitazama tena. Nikaona anaipanga Magu upya kichwani mwake, karani, ndara, waya, na kila kitu kikihama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Spika ikasema, "Nani huyo?"

"Ni wewe," nikasema. "Nina miaka hamsini na nane."

"Kulwa yuko wapi?"

"Alikufa. Minza ana neno lake la kumpa, na muda umekwisha. Nipishe."

Hakuniuliza kitakachompata. Alikuwepo siku ile mafundi walipoeleza, alijua kama ninavyojua mimi. "Ulimwambia?" akauliza. "Baadaye. Ulikuja ukamwambia?"

"Sikumwambia. Umemwambia wewe sasa hivi."

Akacheka kidogo, kicheko changu cha zamani ambacho nilikuwa nimekisahau. "Haya," akasema. "Mwite kaka."

Nikainua mkono. Nyanjige akabonyeza.

4

Dakika tatu ni ndefu ukikaa na mtu uliyemkosea. Minza hakunitazama. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, midomo ikimchezacheza, anajifunza upya sentensi zake ili azifupishe. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua nianzie mwaka gani.

Taa ikawaka tena, dhaifu kuliko mara ya kwanza. Nyanjige akainua vidole vitatu, kisha akatikisa kiganja kuonyesha kwamba huenda visitimie.

"Doto," spika ikasema. "Doto, umelala?"

Tulikuwa tumelazwa mapipa yanayogusana siku ile. Hicho ndicho cha mwisho alichokikumbuka, kwamba niko pembeni yake na nimekaa kimya mno. Nililisikia jina langu kwa sauti yangu, na bado haikuwa mimi. Kulwa alilivuta mwishoni, kwa uvivu, kama mtu anayenyoosha miguu. Nilikuwa nimeisahau namna ile. Nilikuwa na mambo ya miaka ishirini na saba ya kumwambia, na dakika hazikuwa zangu.

"Sijalala," nikasema. "Minza yuko hapa. Msikilize."

Minza hakupoteza hata sekunde. Alimwambia kwamba amefariki, shimoni, kwamba hakuteseka muda mrefu. Kulwa akauliza, na Doto? Akaambiwa ni mzima. Akasema basi afadhali. Nilishikilia kiti.

"Nilikuwa na mimba, Kulwa. Sikuwahi kukuambia. Una binti. Tumempa jina la mama yako, Holo."

Pampu ziliendelea kunguruma. Nikaanza kuhesabu na nikaacha.

"Binti," Kulwa akasema. "Mkubwa?"

"Ana miaka ishirini na sita. Ni fundi wa mabomba ya maji, hasikii la mtu."

"Anafanana na nani?"

"Na wewe."

"Maskini," akasema, akaangua kicheko, kile kikubwa kisicho na breki ambacho mimi sijawahi kukiweza. "Yupo hapo?"

"Yuko nje. Sheria hairuhusu."

"Sheria gani hiyo ya kijinga? Haya, basi mwambieni..." Sauti ilikuwa imeanza kufifia, kama redio ya mkulima betri zinapokwisha. Minza alisimama akasogeza sikio kwenye spika. "Mwambieni Holo kwamba..."

Tukasubiri. Taa ikazimika. Nyanjige akatoka nyuma ya kioo, akatueleza kwa upole, kwa kiwango chake, kwamba ndiyo basi. Akalitoa jiwe akaliweka kwenye kiganja cha Minza. Lilikuwa na uzito ule ule wa mwanzo. Alisema hakuna hata chembe moja iliyopungua ndani yake.

Minza alilifumbata. Nilijua anafikiria Magu, na kwamba mazungumzo hayo tutakuwa nayo siku nyingine, au hatutakuwa nayo. Kisha akanigeukia. Hakufumba macho.

"Holo ananisubiri pale nje," akasema. "Wewe ni pacha wa Kulwa. Alitaka kumwambia nini?"

Sentensi zilijipanga zenyewe mdomoni mwangu. Mwambieni kwamba nampenda. Kwamba amtunze mama yake. Kwamba ajenge. Zote zilikuwa nzuri, zote ningeweza kuzisema kwa sauti ya Kulwa, na Holo angezibeba maisha yake yote. Tangu nijue kusema watu wameniuliza Kulwa anawaza nini, anataka nini, angesemaje, na sijawahi kukosa jibu. Hata msibani kwake niliulizwa angependa azikwe wapi, nikajibu papo hapo.

Nikatafuta. Nilitafuta kwa dhati, mahali ambapo siku zote nimemkuta, na hakuwepo. Pale palikuwa pangu peke yangu. Huyu mtu aliyecheka kicheko nisichokiweza, aliyeuliza habari zangu kabla ya kuuliza habari za kifo chake, alikuwa na neno la kumwambia mwanawe na sikulijua wala sikuweza kulikisia.

"Sijui, Minza," nikasema.

Ndipo nilipolia. Sikuwa nimemlilia ndugu yangu hivyo hata siku ya kumzika, kwa kuwa siku zote nilidhani ninaye. Minza aliweka mkono wake mgongoni kwangu, akauacha hapo mpaka nikanyamaza, kisha tukafungua mlango.

Holo alisimama kutoka kwenye benchi akauliza baba amesema nini. Mama yake aliniangalia. Nikamwambia amecheka sana, amelitaja jina lako, halafu maneno yakakatika.